Kaktasi ya Hombolo na Dirisha la London

Leo ubuyu wetu hauna staa wala ndoa iliyovunjika. Una dada mmoja (jina kapuni), marehemu kaka yake (jina kapuni pia) na kaktasi moja iliyopandwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Msiondoke kwanza. Humo ndani kuna habari ya jua, ya meli, ya kodi ya madirisha, na ya ushauri mmoja wa mtandaoni unaowaponza wengi hapa Bongo bila wao kujua.

Dada huyu ni mwanachuo. Amepanga chumba Hombolo, kama kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini, kule kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957 na Chuo cha Serikali za Mitaa. Kaktasi ilikuwa ya kaka yake. Jamaa alikuwa na kibanda cha vocha na chaja za simu Dar, na kwa miaka kadhaa kaktasi ile ilikaa mlangoni pa kibanda juu ya kreti la soda. Kaka alipofariki, ndugu waligawana vitu vyake. Mmoja akachukua simu, mwingine akachukua feni. Dada akasema yeye anataka ile kaktasi. Wakamcheka.

Alifika nayo Hombolo mwezi Aprili. Akataka kuitunza kitaalamu, akaingia mtandaoni. Kila alikofungua alikuta sentensi ileile: weka kaktasi kwenye dirisha linalotazama kusini. Akashukuru Mungu, maana chumba chake kina dirisha la kusini. Akaiweka hapo, akawa anaimwagilia kidogo kidogo.

Kufika Septemba kaktasi imerefuka. Mwanzoni alifurahi, akapiga picha akaweka status. Baadaye akaiangalia vizuri. Sehemu mpya ilikuwa nyembamba kama kidole, imepauka, imeinama kuelekea kioo kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Akaingia tena mtandaoni, akaambiwa mmea wako unakosa mwanga. Basi wiki ya kwanza ya Oktoba akaitoa uani, akaiweka katikati ya ua, akaenda zake darasani. Siku ya tatu upande mmoja ukawa mweupe, kisha kahawia, mgumu kama ganda la mti. Alikaa kwenye ngazi akalia. Aliniambia, "Nimeiua kama vile nimemuua yeye mara ya pili."

Mnaona? Makosa mawili, na yote yameanzia kwenye sentensi moja. Basi tuitafute hiyo sentensi ilikozaliwa.

KAKTASI NI MGENI, TENA MGENI WA MBALI

Kamusi zetu zina majina kama mpungate na dungusi kakati, lakini mitaani tunasema kaktasi, basi. Jamii hii yote asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Kanada mpaka ncha ya kusini. Iko aina moja tu inayoota yenyewe Afrika tangu zamani, nayo wataalamu wanaiita Rhipsalis baccifera. Hapa Tanzania inapatikana kwenye misitu yenye unyevu kama ile ya Usambara, ikiwa imening'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama kamba za kijani. Haina miiba ya kutisha, na inaishi kivulini. Yaani ndugu pekee wa kaktasi aliye mzawa wa Afrika hapendi jua kali! Shika hilo, tutalirudia.

Huko Amerika kwenyewe, hata zile kaktasi kubwa za kwenye filamu za ng'ombe na bastola hazianzi maisha yao juani. Ile iitwayo saguaro, ya jangwa la Sonora kule Arizona na Meksiko, inaweza kupita mita 12 kwa urefu. Lakini ikiwa changa mara nyingi huota chini ya mti mwingine, unaoikinga na jua la mchana na baridi ya usiku. Inakua taratibu mno, na miaka kadhaa inapita kabla haijawa na urefu wa kidole. Ikishakomaa ndipo inasimama peke yake mbele ya jua. Kwa hiyo kaktasi yenyewe ina utaratibu wake: kivuli kwanza, jua baadaye, na mabadiliko ni ya polepole.

WATU WALIOLIPIA MWANGA

Baada ya safari za Columbus kuanzia mwaka 1492, kaktasi zilianza kuvuka bahari kuja Ulaya. Jina lenyewe amelitoa Linnaeus wa Sweden, aliyeliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Alilichukua kwenye neno la Kigiriki lililokuwa la mmea mwingine kabisa wenye miiba. Mmea ulifika, jina likapatikana, tatizo likabaki moja: mwanga.

London iko mbali sana kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba mchana wake haufiki masaa 8, na jua la saa sita mchana linakuwa chini kiasi cha nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. Ili uelewe, hilo ni kama jua letu la saa moja na nusu asubuhi. Halafu ongeza mawingu, na enzi hizo moshi wa makaa ya mawe.

Kama hiyo haitoshi, mwanga wenyewe ulikuwa na kodi. Kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, Uingereza ilitoza kodi ya madirisha. Nyumba ikiwa na madirisha mengi, mwenye nyumba analipa zaidi, na wengine wakaamua kuyaziba kwa matofali. Kioo nacho kilikuwa na kodi yake, iliyofutwa mwaka 1845. Ilipofutwa, vioo vikashuka bei na nyumba za vioo za kufugia mimea zikaanza kuenea.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa London mwenye kaktasi moja. Kwake jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, Januari mpaka Desemba, bila kukosa. Dirisha la kaskazini halipati jua la maana. Kwa hiyo akimwambia jirani yake "weka dirisha la kusini", anasema kweli tupu. Mtunza bustani wa Berlin atasema hivyohivyo, na wa New York pia. Wakaandika kwenye vitabu, vitabu vikawa majarida, majarida yakaingia kwenye intaneti, na intaneti ikaingia kwenye simu ya dada yetu Hombolo. Aliyeanza kuisema hatumjui. Tunachojua ni kwamba hakuwa akiishi Dodoma.

SANDUKU LA VIOO NA MICHE 62

Kuna hadithi nyingine inayoonyesha mwanga ulivyo suala la kufa na kupona. Zamani mimea iliyosafirishwa kwa meli ilikuwa inakufa njiani. Ukiiweka chini kwenye shehena, giza. Ukiiweka juu, chumvi ya bahari na upepo. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona kajani kameota ndani ya chupa iliyofungwa, bila mtu kukamwagilia. Akapata wazo la kutengeneza sanduku la vioo lililozibwa vizuri. Mwaka 1833 akatuma masanduku mawili mpaka Sydney, Australia. Yakakaa juu ya sitaha yakipata mwanga wa kutosha, na mimea ikafika hai.

Kwetu hapa mgeni maarufu kutoka Meksiko ni mkonge. Mkonge hauko kwenye jamii ya kaktasi, lakini maisha yao yanafanana: majani manene, maji kidogo, jua jingi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Hiyo 62 ndiyo ikawa chanzo cha mashamba yote ya mkonge tunayoyajua. Jina la Hindorf limebaki. Waliobeba ile miche kutoka ufukweni, walioichimbia mashimo na kuiangalia kila asubuhi kama bado iko hai, hao majina yao hayakuandikwa popote. Historia ya mimea imejaa watu wa namna hiyo, jina kapuni wa zamani.

UGOGO: MTI NJE, WATU NDANI

Turudi nyumbani. Wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora walipita Ugogo kwa miguu, na waliijua vizuri habari ya jua la huku. Eneo la mbele kidogo, magharibi mwa Ugogo, waliliita Mgunda Mkali. Jina linajieleza. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na kabla ya hapo safari zote zilikuwa za kichwa na mguu.

Nyumba ya asili ya Wagogo ni tembe. Ina paa bapa la udongo, kuta za miti na udongo, na vijitundu vidogo badala ya madirisha. Ukiingia mchana unasimama kwanza mpaka macho yazoee giza. Watu wa mjini wanaona ushamba, lakini ile ni akili. Mwanga wa huku unakuja na joto lake, kwa hiyo mwenye tembe anaufungia nje. Mimea migumu kama mnyaa ikapewa kazi ya nje pia, kuwa uzio wa boma. Hakuna aliyefikiria kuweka mmea ndani, angeuweka wapi?

Kwa hiyo kaktasi ya chumbani ni jambo jipya Dodoma. Imekuja na vyumba vya kupanga, madirisha ya aluminiamu, mapazia, na kasi ya mji uliotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Bibi zetu hawakutuachia ushauri wa kaktasi ya dirishani kwa sababu hawakuwa nayo. Pengo hilo likajazwa na ushauri wa London.

JUA LA HOMBOLO LINAVYOTEMBEA

Sasa shule kidogo, wala si ngumu. Hombolo iko kusini mwa ikweta kwa kama nyuzi 6. Maana yake jua la mchana linahama upande mara mbili kwa mwaka. Siku za mwanzo za Machi na siku za mwanzo za Oktoba linapita utosini kabisa, kiasi kwamba mchana unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Katikati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko kaskazini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi liko kusini.

Rudia kisa cha dada sasa. Aliweka kaktasi dirisha la kusini mwezi Aprili. Kuanzia Aprili hadi Agosti ukuta wa kusini wa nyumba ya Hombolo hauguswi na jua moja kwa moja, asubuhi mpaka jioni. Aliiweka kaktasi kivulini miezi mitano akidhani kaiweka juani! Halafu akaitoa uani wiki ileile ambayo jua linapita utosini, mwisho wa kiangazi, bila wingu. Mmea uliokonda gizani ukakutana na jua la utosi siku moja. Usingeweza kupona.

Na kuna jambo jingine la huku kwetu. Jua letu la mchana liko juu sana, kwa hiyo haliingii ndani sana. Hata mwezi Juni, dirisha la kaskazini linapata jua pembezoni tu mwa kioo, na bati likiwa limechomoza nje ya ukuta linalizuia. Madirisha yanayopata jua mwaka mzima bila longolongo ni ya mashariki na magharibi, maana huko jua liko chini, linapiga moja kwa moja mpaka sakafuni. La mashariki ni jua la asubuhi, la upole. La magharibi ni jua la alasiri, wakati ukuta na bati vimeshachemka.

SASA UIWEKE WAPI?

Kwanza, usiamini macho. Macho yanazoea giza na kukudanganya kwamba chumba kina mwanga. Mchana wa jua kali nje unaweza kufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati katikati ya chumba unaweza kukuta mia chache tu. Tumia mkono. Uweke kati ya dirisha na kaktasi. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mkubwa. Kikiwa na ukungu, ni wa wastani. Usipokiona kabisa, hapo kaktasi inakufa taratibu.

Pili, kama una dirisha la mashariki, hapo ndipo. Isogeze karibu na kioo, maana kila hatua unayoirudisha ndani inapunguza mwanga sana. Wavu wa mbu, kioo cha giza na pazia navyo vinapunguza, vihesabu. Kama una dirisha la magharibi tu, weka pazia jepesi wakati wa kiangazi, au irudishe kidogo ndani.

Tatu, ukitaka kuitoa nje, ifundishe. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, kesho kutwa ongeza kidogo, mpaka wiki mbili zipite. Kuanzia saa tano iwe imerudi kivulini. Oktoba na Novemba kuwa makini maradufu. Na ndani ya nyumba uwe unaigeuza robo mzunguko kila wiki, isiinamie upande mmoja.

Nne, jua aina uliyonayo. Zile za mviringo na za nguzo zenye miiba mingi zinataka jua zaidi. Zile za kuning'inia zisizo na miiba, ndugu wa yule wa Usambara, zinataka mwanga bila jua la moja kwa moja la mchana. Ukikuta yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya shina la kijani, hizo ni mbili zilizounganishwa, ubunifu wa Wajapani wa miaka ya 1940. Kile kichwa hakina kijani, hakiwezi kujipikia chakula, kinalishwa na shina la chini. Jua kali kinaungua upesi. Na ukivunja kidogo ukaona maziwa meupe, basi huenda uliuziwa ndugu wa mnyaa. Hayo maziwa yasiguse macho yako.

Tano, maji yafuate mwanga. Mwanga mdogo, maji machache. Kaktasi nyingi zinazokufa ndani zinaoza mizizi kwa sababu ziko gizani na bado zinamwagiliwa kila Jumamosi. Ngoja udongo ukauke kabisa.

Sita, usiku zima taa. Kaktasi hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, inavuta na kuhifadhi hewa ukaa kama asidi, kisha mchana inaitumia ikiwa imejifunga ili isipoteze maji. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyekuwa India, akieleza kwamba majani ya mmea mmoja mnene aliyoyaonja yalikuwa machachu kama limau asubuhi, na kufika mchana ladha ile imepotea. Ulimi wake uligundua kabla ya maabara. Giza la usiku ni sehemu ya mlo wa mmea huu.

KAKTASI YA KAKA

Aliyemwokoa dada yetu ni bibi mwenye nyumba, ambaye intaneti haimhusu. Alimkuta pale kwenye ngazi, akaiangalia ile kaktasi, akasema, "Mjukuu wangu, hata mtoto mchanga hatumtoi nje saa sita. Tunamtoa asubuhi."

Wakaikata pamoja sehemu nzima iliyobaki juu ya kovu, kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Wakaiacha kivulini kama wiki nzima mpaka kidonda kikakauka, ndipo wakaichomeka kwenye mchanga mkavu. Vile vipande vilivyoungua hawakuvitupa porini, walivichoma. Msidharau hilo. Kule Laikipia, Kenya, mpungate ulioletwa kama pambo na uzio umetapakaa mpaka umekula malisho, na mifugo inaumizwa na miiba. Kipande kimoja kikidondoka kinaota.

Kaktasi ikahamia dirisha la jikoni la bibi, la mashariki. Baada ya miezi miwili ikatoa mwiba mpya kileleni. Nilipoenda kuiona ilikuwa fupi, imenenepa, na shina la zamani lenye kovu liko pembeni yake kwenye kopo lake lilelile la maziwa. Nalo limetoa chipukizi ubavuni.

Nikamuuliza dada, lile duka la kaka lilikuwa linatazama wapi? Akafikiri kidogo. Akasema kaka alikuwa anafungua saa moja asubuhi, na kila siku analalamika jua linampiga usoni, ndiyo maana aliweka kreti mlangoni na ile kaktasi juu yake. Kufika saa tano kibanda kizima kiko kwenye kivuli cha ghorofa la jirani.

Kaka hakusoma popote. Aliiweka tu pale jua lilipokuwa linaingia.

Na wewe mdau, toka sasa hivi uangalie: dirisha lako linatazama wapi? Tuambie hapo chini, na kama kaktasi yako imekonda useme pia. Hatutakucheka.